Picha za Tingatinga: kanunueni Morogoro Stores

Naongoza nyumba ndogo ya sanaa hapa Arusha, na picha za Tingatinga, yaani za mtindo alioanzisha mchoraji Edward Saidi Tingatinga, nazifuata Dar es Salaam, Oysterbay, kwenye kituo cha ushirika wa wachoraji wenyewe pale Morogoro Stores. Ukurugenzi una barua nyingi na hesabu nyingi, lakini mteja akisimama mbele ya picha swali lake ni moja: kachora nani? Pale naweza kulijibu, maana mchoraji nimemwona kwa macho.

Duka moja la vinyago, sitalitaja, muuzaji aliniapia kwamba picha aliyoishika ni ya Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Marehemu alianza kuchora 1968 na 1972 alikuwa ameshafariki. Alichora kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Ile ilikuwa kitambaa, tena bado kinanukia rangi! Inaniuma, kwa sababu aliyeichora kwa jasho lake alikuwa amefutwa jina.

Mzee wetu huyo wa Tunduru aliuzia kazi zake hapohapo Morogoro Stores, na ushirika ulioanzishwa 1990 bado uko hapo. Mara ya mwisho nilimkuta kijana anamchora kanga. Mwili mweusi ulishakauka, sasa anatia madoa meupe kwa ncha ya brashi, moja baada ya jingine, bila haraka, na kila doa linabaki na kinundu chake ukilipapasa. Nikamwomba aandike jina kamili na mwaka nyuma ya kitambaa.

“Mama, wateja wengi hawaulizi jina,” akaniambia. “Wanauliza simba.”

Akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nanyi mwombeni kila mchoraji hivyo hivyo.

Simba, tembo na Mlima Kilimanjaro utawakuta wengi, ndio wanaonunuliwa na watalii. Usiishie hapo. Omba kufunuliwa vitambaa vilivyolazwa chini ya rundo: mashetani, hospitali, shughuli za kijijini. Humo ndimo ninamopata kazi za kutundika. Bei mnapatana, ila msimbane mtu anayeishi kwa brashi.

Kwenye usafirishaji kuweni makini. Rangi hii huchelewa kukauka sehemu nene, basi gusa pembeni kwa kidole kwanza; ikinata, mwachie mchoraji uirudie siku nyingine. Usiikunje kamwe, itapasuka kwenye mkunjo na haitengenezeki. Izungushe kwenye bomba pana, upande uliochorwa ukiwa nje, halafu uifunike kwa karatasi safi. Kwenye basi la kuja Arusha naingia nayo ndani. Buti lina joto na mizigo ya watu.