Puli ya kompresa ya Mini Cooper S: ipi ununue, na mafuta yenye hakuna anayekuuliza

Tangu zile Mini Cooper S za kompresa (ile mashine inayosukuma hewa ndani ya motere, siyo ya AC) zianze kuonekana mingi huku Lubumbashi, WhatsApp yangu imejaa swali moja tu: "Yaya, niweke 15 ao 17?", yaani puli (kile kigurudumu cha mkanda kinachozungusha kompresa) ndogo ya asilimia 15 ao ya 17. Wengine wanatuma mpaka picha ya puli kwenye mkono wa muuzaji, imeng'aa kama pete, wananiambia nichague kwa macho. Hakuna hata mmoja ameshaniuliza juu ya mafuta ya nyuma ya kompresa, na pale njo motere zinafia, kwa hiyo leo nitajibu swali lenu lakini na lile langu mtalisoma kwanza.

Ninasema juu ya R53, njo jina la kiwanda la Cooper S ya mpaka 2006, motere ya Tritec ya 1.6 na kompresa Eaton M45. Ikiwa yako ni ya 2007 kwenda mbele ni turbo, haina hii puli, usinunue kitu. Isipokuwa kabriole, ile iliendelea na kompresa mpaka 2008.

Puli ndogo inazungusha kompresa mbio zaidi, hewa inaingia mingi, gari inavuta. Hayo mnayajua. Yenye wengi hawajui: ile asilimia ni ya upana wa puli uliopunguzwa, siyo ya nguvu. Puli ya 15 inaongeza mzunguko wa kompresa kama asilimia 17.6, ya 17 inaongeza 20 na kitu, ya 19 inapita 23. Na nguvu ya farasi haipandi hivyo, maana kompresa ikikimbia sana inapasha hewa moto, na hewa ya moto haisaidii motere, hata na ile intercooler (ya kupoza hewa) iliyo juu ya motere chini ya kapo, yaani boneti.

Halafu kuna jambo la kwetu hapa. Lubumbashi iko kama metre 1,200 juu ya bahari, presha ya hewa iko chini kama asilimia 13 kuliko Durban ao Dar kwenye hizo gari zinashukia. Ile Mini yenye kiwanda kinasema farasi 163 (ao 170 kwa zile za kuanzia 2004) ikifika hapa haiko nazo zote. Piga hesabu: puli ya 15 inaleta hewa zaidi karibu sawa na ile milima yetu imeiba. Kwa hiyo mtu wa hapa anayeweka 15 hajageuza gari ya mashindano, ameirudisha karibu na pale ilitoka kiwandani. Njo maana mimi huku siogopi 15 hata kidogo, na njo maana video za watu wa Ulaya wanaoogopa 15 hazinihusu.

Sasa mafuta.

Kwa R53 pompi ya mayi haizungushwi na mkanda. Imefungwa nyuma ya kompresa, na ndani kule kuna giya ndogo zenye zinaizungusha. Zile giya ziko na mafuta yake ya pekee, kidogo tu, siyo ya motere. Mbele kwenye pua ya kompresa, karibu na puli, kuna chumba kingine na mafuta yake pia. Kiwanda hakikuweka tarehe ya kuyabadilisha, na mekanisie wako atakuambia, "Mama, ile habadilishake, iko ya maisha." Maisha ya nani? Gari ya 2003 imetembea Japani, imekaa parki ya Dar, imepanda mpaka Kasumbalesa, na mafuta ni yale yale. Yale ya nyuma yanakauka, giya zinabaki kusagana chuma kwa chuma, siku moja meno yanaisha, pompi inasimama, na wewe uko barabara ya Likasi na AC imewashwa, unaona mvuke tu. Kule culasse (kichwa cha motere) inapinda, na culasse ya Tritec huipati kwenye soko la Njanja.

Na puli mpya inafanya nini? Inazungusha kompresa mbio, kwa hiyo inazungusha na zile giya mbio, na pompi pia. Kitu kilikuwa kinakufa polepole, wewe unakiongezea mwendo. Mbaya zaidi, puli inaweza kubadilishwa kompresa ikiwa bado ndani ya gari: wanatoa gurudumu la upande, wanashikilia motere, wanashusha kidogo, wanavuta puli. Mafuta ya nyuma yanataka kompresa itoke, uso wote wa mbele ufunguliwe, ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo fundi anamaliza puli jioni, unalipa, unafurahi, na hakuna mtu ameangalia nyuma.

Mimi niliiona ikifunguliwa moja huko Kampemba. Fundi alilegeza kile kizibo kidogo, akainamisha kompresa, tukangoja. Ilitoka tone moja nyeusi, nzito, na harufu ya samaki ameoza, nasema kweli, mpaka kijana aliyekuwa anakula beignet akaondoka. Mafuta mazuri yanatiririka na unaona ndani yake. Kama yako yanatoka kama ile tone, angalia meno ya giya kwanza kabla ya kununua puli yoyote. Meno yakiwa yamekuwa makali kama wembe, pesa ya puli iweke kwa kompresa ingine ya okazyo, yaani iliyotumika. Mafuta yenyewe ni ya kompresa za Eaton, ACDelco wanayauza kwa vichupa vidogo, na usikubali mtu akuwekee ya motere ao ya boite (giaboksi).

Haya, puli.

Namba moja kwangu ni ya 15, na sifichi, mimi ni mtu wa Way Motor Works, wale wa Georgia kule Marekani. Mini njo kazi yao, na ukiagiza kwao unaagiza na mkanda wake, maana puli ndogo inataka mkanda mfupi kidogo na ukiacha ule wa zamani utateleza na utapiga kelele kila asubuhi. Mkanda wenyewe niko na ule wa kampuni ya Gates, hatubishani hapo. Ukipata Alta ya 15 yenye haijatumika, chukua pia, ni jina la zamani kwa watu wa Mini. Weka na bujie (plagi) za baridi zaidi hatua moja, NGK BKR7EQUP kwenye ulikuwa na BKR6EQUP, na utie esansi ya pompi inayoeleweka, siyo ya chupa ya kadhafi, yule muuza esansi wa barabarani.

Ya pili ni ile ya 11 ya John Cooper Works (JCW), pyesi ya BMW wenyewe. Ni nzuri, ni ya amani, lakini kwa urefu wetu huu haitakupa mshangao. Na muuzaji akikuambia ukiiweka gari inakuwa na farasi 200 kama JCW, mwambie akuonyeshe na vingine vyote, maana kit ya JCW ilikuja na kompresa yenye rota za kupakwa, culasse nyingine na programu yake. Puli ilikuwa kipande tu.

Ya 17 naiweka ya tatu, kwa mtu mwenye injekta kubwa za JCW na mtu wa kumpangia kompyuta ya gari. Hapa Lubumbashi huyo mtu wa kompyuta ukimpata nipe namba yake. Ya 19 sitaki hata kuizungumzia, joto tu.

Za bei rahisi, zile za aluminium za rangi nyekundu na bluu zisizo na jina: hapana. Kama umeshanunua, jaribu kuiingiza kwenye shafti kwa mkono ikiwa baridi. Ikiingia, tupa. Puli nzuri inakataa mpaka uipashe moto.

Kabla ya yote angalia na puli ya chini, ile ya kranki, ile iko na mpira katikati na mpira unaachana. Chora mstari mmoja wa choki kutoka katikati mpaka duara la nje, tembeza gari siku chache, rudi. Mstari ukivunjika vipande viwili, mpira umekwisha, nunua damper ya ATI (puli ya kranki ya kampuni hiyo), ni ghali, lakini baada ya hiyo hutairudia. Na fundi asiguse puli ya kompresa na nyundo, akuonyeshe ekstraktere kwanza, ile ya kuvutia puli. Ile nyundo inakwenda moja kwa moja kwenye rulema (beringi) ya pua.

Sasa wauzaji. Puli huko Marekani haiko ghali sana, ni kachuma ka kushika na vidole viwili. Hapa mjini kuna mahali waliniambia bei yenye niliwauliza kama iko na gari ndani. Nikasema naagiza mwenyewe. Ajansi moja ya usafirishaji inapima kilo, puli haina hata kilo, lakini karton imekuwa kubwa kwa hiyo wanahesabu karton, hewa ya ndani ya karton unailipia usafiri kutoka Marekani. Halafu duane (forodha), halafu "ya kusaidia kijana", halafu unafika kaunta na dola zako, yule dada anazigeuza moja moja kwenye mwanga: hii iko na kapasuko, hii ni ya mwaka wa zamani, hii imeandikwa na bic. Lakini chenji yenyewe anakurudishia falanga zimefungwa na skochi na taux ya asubuhi. Karton nikafungua pale pale mbele yake nikapima puli na verniye (kipimo cha upana), akaona kama mi ni mwizi. Fanya hivyo hivyo, pima pale, maana ukitoka mlangoni na karton ya 11 imeandikwa 15, hakuna mtu atakujua tena.