Uzoefu wangu: kudhibiti kasi kwenye laini za fremu relei

Nilihudumia mtandao wa kampuni ya usambazaji yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi mikoani, enzi zile fremu relei, huduma ya kuunganisha ofisi za mbali kwa data, ikiwa ndiyo laini ya heshima. Mtoa huduma simtaji. Ninachokipima hapa ni kipengele cha kudhibiti kasi kwenye ruta za Cisco 2600, maana ndicho kilichotutuliza.

Kwanza mkataba. Kila tawi lilikuwa na poti ya kilobiti 64 kwa sekunde, na makao makuu 512. Muuzaji alikuwa akiitaja 64 kwa sauti kubwa, lakini CIR, ile kasi anayojifunga kukupa, ilikuwa 32. Inayozidi hapo inapita kwa hisani tu: fremu zake hupigwa alama ya DE, na swichi ya mtoa huduma ikielemewa, hizo ndizo za kwanza kutupwa.

Asubuhi simu haziishi: “Kaka, mtandao umekufa tena.” Ukiingia kwenye ruta unakuta PVC, ile njia ya kudumu kati ya Dar na tawi ndani ya mtandao wa mtoa huduma, iko hai, haina neno. Kumbe seva ya Dar inamwaga ripoti kwa kasi ya 512 kuelekea poti ya 64. Bafa, yaani kumbukumbu za kusubirishia data, za swichi ya mtoa huduma zinajaa, fremu zinatupwa, TCP (itifaki inayohakikisha data inafika) inaituma upya data iliyopotea, foleni inazidi kunenepa. Pakiti ya baiti 1500 peke yake huchukua karibu milisekunde 188 kwenye laini ya 64. Zikitangulia kumi, karani wa tawini anabonyeza herufi moja na kusubiri karibu sekunde mbili aione kwenye skrini. Lazima atukane.

Dawa tuliiweka Dar, kwa kila PVC: kikomo cha juu 64, sakafu 32, na ruta itii alama za BECN, zinazomwambia mtumaji kuwa njia yake imesongamana. Tulipanga biti 8000 kwa kila kipindi cha milisekunde 125. BECN ikiingia, ruta inapunguza kasi kwa robo, kipindi hadi kipindi, mpaka ifike sakafuni. Alama zikikoma inapanda tena taratibu. Foleni haikuisha, ilihamia kwenye ruta yetu, na hapo sisi ndio tunaoamua nani apite kwanza. Skrini za oda zikatangulia, ripoti zikasubiri. Kwangu hiyo ndiyo thamani yote ya kipengele hiki.

Kasoro zipo. Ukiwasha udhibiti kwenye interfesi bila kuipa PVC vipimo vyake, ruta inaibana kwenye kilobiti 56, hata kama poti ni kubwa mara kadhaa, na haikuambii kitu. Nyingine, BECN husafiri kwenye fremu zinazorudi. Data ikienda upande mmoja tu, hakuna cha kuibeba alama hiyo, na mtumaji anaendelea kumwaga. Inabidi ruta ya tawini, ikiona FECN, alama ya msongamano inayomfikia mpokeaji, iagizwe kurudisha fremu ya kubeba habari. Mipangilio hiyo ipo, ila lazima uiwashe mwenyewe.

Kero kubwa haikuwa ya ruta. Kwenye tawi moja pakiti zilipotea mchana kutwa, na ukipiga “show frame-relay pvc” hesabu za FECN na BECN ni sifuri. Ukimpigia mtoa huduma: “Kwetu laini iko safi, mzee.” Swichi isiyopiga alama inaiacha ruta yako gizani, na kujirekebisha kote huko hakuna maana. Tawi lile nililishushia kikomo hadi 32 ileile ya mkataba. Ripoti zikawa za kobe, upotevu ukaisha.

Ruta naipa nne kati ya tano. Huduma ya laini naipa mbili.

Kama bado uko kwenye laini hizi, usisaini kabla hujaona CIR ya kila PVC kwa maandishi, na ujibiwe kama swichi zao zinapiga FECN na BECN. Ukiletewa kifurushi cha CIR sifuri kwa bei ya kutupa, jua kila fremu yako itasafiri na alama ya DE. Kwa barua pepe za usiku, sawa. Mfumo wa oda usiuweke humo.