"Hatufundishi kulala": uzoefu wangu na darasa moja la judo

Nianze na kauli yenyewe, maana ndiyo iliyoniwasha: "Dada, hapa tunafundisha kubwaga, hatufundishi kulala." Hivyo ndivyo mwalimu, mkanda mweusi kiunoni, alivyomjibu mwanafunzi mgeni aliyeomba dakika chache tu za kujifunza kuanguka kabla hajabwagwa. Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka siku ile, na miezi imepita bado sijacheka.

Kulala ndiyo judo yenyewe, jamani. Anayejifunza kubwaga anahitaji mtu wa kubwagwa, na huyo akiwa hajui kuanguka basi hakuna anayejifunza. Mmoja anaogopa kuumia, mwingine anaogopa kuumiza, wote wawili wamekakamaa kama mbao.

Na si jambo gumu kufundisha. Ukemi, yaani kuanguka, huanzia chini kabisa. Unalala chali, magoti umeyakunja, kidevu umekibana kifuani, macho yanatazama fundo la mkanda wako. Fundo, si dari. Ukilitazama fundo, kisogo hakifiki kwenye mkeka. Mikono inapishana kifuani, kisha inashuka pamoja na kupiga mkeka kuanzia kiganjani hadi karibu na bega, huku ukitoa pumzi. Iwe nyuzi 30 hadi 45 hivi kutoka ubavuni: ukiitanua kupita hapo, bega ndilo linalopokea kishindo, ukiibana mno, unaangukia kiwiko. Hilo likikaa mwilini, unafanya vilevile kutoka kuketi, kisha kuchuchumaa, mwisho kusimama. Halafu kuanguka kwa ubavu, miguu isipishane, la sivyo magoti yanagongana au kifundo kimoja kinaangukia kingine. Kubiringika mbele kunafuata baadaye.

Asiyefundishwa haya hufanya kile ambacho mwili wowote hufanya: anarusha mkono nyuma kujizuia. Uzito wote unashukia kiganja kimoja, mkono umenyooka, na hapo ama kifundo cha mkono kinavunjika, ama kiwiko kinateguka, ama mtulinga unakatika.

Sasa huyo dada alibwagwa kwa mtindo gani? Osotogari! Kati ya mitindo yote! Osotogari ni kumvunja mtu mizani kuelekea kona yake ya nyuma, kisha unapitisha mguu wako nje ya wake na kuufyeka kutoka nyuma. Anakwenda kinyumenyume, haoni anakokwenda, na kisogo kiko tayari kutangulia. Ndiyo maana mwalimu makini hampi mgeni mbwago huo. Humwanzisha na mbwago wa nyonga, taratibu, ikibidi akiwa amepiga magoti ili asitoke juu sana.

Kisogo kikagonga. Waliozoea mkekani wanaujua mlio huo hata wakiwa wamefumba macho: kiganja hulia "pa!", kisogo hulia "du". Mtu akigonga kichwa hivyo anatoka mkekani na harudi siku hiyo, hata aapeje kwamba yuko sawa. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika au akianza kuchanganya maneno, ni hospitali moja kwa moja. Mwalimu wetu? "Kawaida hiyo." Akaita wawili wanaofuata.

Haya, hasira zisinifanye nidhulumu. Ukumbi ni safi. Mikeka imeshikana vizuri, hakuna mwanya wa kunasa kidole cha mguu, na anayejua vidole vilivyovunjika kwenye mianya hiyo ataheshimu jambo hilo. Kucha zinakaguliwa mlangoni.

Tena yupo msaidizi, mkanda wa kahawia, mtu wa maneno machache. Huyo ndiye aliyemkalisha yule dada pembeni, na ndiye anayewachota wageni kimyakimya kuwafundisha kuanguka. Mtazame anapobwaga. Haachii mkono wa koti la mwenzake. Mwenzake anaposhuka, yeye anauvuta juu, mgongo wake mwenyewe umesimama, na yule anatua kwa ubavu, kichwa kikiwa hewani. Kano Jigoro alipoianzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa na mikeka 12 ndani ya hekalu, basi. Kanuni zake kuu mbili ni kutumia nguvu kwa ufanisi wote, na ustawi wa pamoja, wangu na wako. Hiyo ya pili imeandikwa pale ukumbini kwenye fremu nzuri, juu ya kichwa cha mwalimu. Mimi naisoma kwenye ule mkono wa koti: mwenzako amekuazima mwili wake ujifunzie, nawe unamrudishia ukiwa mzima.

Faida zote ambazo watu wanazisifu zinatoka humo humo. Aliyeanguka mara mia kadhaa salama hashtuki tena anaposukumwa. Anapumua, anatafuta mizani, hana haja ya kisirani. Aliyebanwa chini na mtu mzito hujifunza kupata pumzi kwanza, ndipo atafute nafasi ya kugeuza kiuno. Anayefanya kinyume huchoka upesi sana. Akizidiwa anagonga mara mbili, anaachiwa, mchezo unaendelea. Kukubali kushindwa mara kumi kwa jioni moja bila kununa, watu wazima wangapi wanaweza? Na usisahau sakafu yenye maji. Hiyo itakutafuta kabla ya jambazi.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua nyota moja. Nikimfikiria yule msaidizi najikuta nimefika nne, kwa kweli, maana walimu wa namna yake ni adimu. Halafu nalisikia tena lile "hatufundishi kulala", na kicheko cha ukumbi mzima, na "du".

Mbili. Moja ya mikeka, moja ya msaidizi. Siku akihamia kwingine mnijulishe, nyota yake naihamisha naye.