Uzoefu wangu na tovuti ya The Trevor Project: kitufe cha kutokea kimenigusa kuliko rangi

Nyumba nyingi za Waswahili hapa Columbus, Ohio, kompyuta ni ya wote na iko sebuleni. Mama anapita na sufuria, shangazi amekaa nyuma yako, mdogo wako anadai zamu yake. Kwa hiyo tovuti ya vijana wa LGBTQ, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, mimi naipima kwanza kwa hilo: ukiifungua mahali kama hapo, inakustiri?

The Trevor Project ilianzishwa Marekani mwaka 1998 ili kuzuia vijana hawa wasijiue. Unapiga simu, unatuma meseji au unachati na mshauri, bure, saa 24. Tangu Julai 2025, serikali ilipoifunga laini maalum ya vijana hawa kwenye 988, namba ya Marekani ya kuzuia kujiua, wengi tunaelekezana huku.

Kitu kilichonikamata ni maelezo ya jinsi ya kuondoka haraka. Unabonyeza kitufe cha Esc kwenye kibodi mfululizo na ukurasa unapotea. Aliyeweka kitu hicho anamfahamu kijana anayechunguliwa begani. Kitufe cha kumpata mshauri nacho kiko wazi, hukitafuti huku machozi yanakutoka. Ila jueni kwamba kuondoka hivyo hakufuti historia ya kivinjari. Kama kompyuta au simu ni ya familia, tumieni dirisha la faragha.

Rangi pia zina kazi yake, sizibezi hata kidogo. Bendera ya upinde wa mvua, alama ya watu wa LGBTQ, aliibuni Gilbert Baker, ikapepea San Francisco mwaka 1978. Mwaka 2018 Daniel Quasar akaiongezea pembeni mistari yenye umbo la mshale: nyeupe, waridi na bluu ya mbingu kwa ajili ya waliobadili jinsia, kisha kahawia na nyeusi kwa ajili ya watu wasio weupe waliosukumwa pembeni. Mimi ni kijana mweusi, mtoto wa wakimbizi kutoka Kongo. Nikiiona ile nyeusi na kahawia mlangoni, najua kuna mtu alikaa akanifikiria na mimi.

Lakini rangi hizohizo zikijaa kwenye skrini sebuleni kwetu, zinaweza kunifukuzisha nyumbani. Zinazomkaribisha mtu mmoja zinamchongea mwingine, na mbunifu anayetaka tuwe salama lazima ayafikirie macho ya wengine waliomo chumbani.

Kuna kliniki moja hapa mjini, jina nalihifadhi, yenye stika ya bendera hiyo kwenye kioo. Nikaingia kwa moyo mweupe. Dawati la mapokezi liko katikati ya viti vya wanaosubiri, na nikaulizwa kwa sauti nimekuja kupima nini. Nyuma yangu walikuwa wamekaa wamama wawili wanaozungumza Kiswahili. Nilitaja homa, nikaondoka bila kipimo nilichokifuata. Stika ilikuwa nzuri, lakini chumba hakikuwa kimepangwa kwa ajili ya mtu mwenye siri ya kulinda. Karatasi ya kujaza kimyakimya, au dawati lililosogezwa ukutani, vingenitosha.

Tovuti naipa nyota tano. Kliniki nimeiandikia barua kuhusu lile dawati, na bado nasubiri jibu.