Gozo mwezi wa Januari: kisiwa kizuri, nyumba baridi

Nianze na baridi, maana picha za matangazo hazisemi. Nje si tatizo. Mchana wa Januari kisiwani Gozo, pale Malta, joto hufika nyuzi 15 au 16, na jua likitoka unavua koti. Tabu iko ndani. Nyumba za kule ni za mawe ya chokaa, kuta nene, sakafu ya vigae, dari iko juu. Zilijengwa kumkinga mtu na joto la Agosti, na kazi hiyo haziachi hata msimu ukibadilika. Mabomba ya joto ukutani, yale tuliyoyazoea sisi tunaoishi Ujerumani, huyaoni.

Niliyopanga mimi ilikuwa nyumba ya shamba iliyokarabatiwa, ina bwawa la kuogelea (la kutazama tu, Januari nani aingie). Usiku wa kwanza shuka zilikuwa na unyevunyevu, na ukutani nyuma ya kabati pameota kuvu. Kiyoyozi cha kutoa joto kilikuwapo, ila mwenye nyumba aliipiga picha mita ya umeme nilipoingia na akaipiga tena nilipotoka, kisha akanidai tofauti. Kwenye tangazo hilo halikuandikwa. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza joto linatoka wapi na umeme analipa nani, tena uulize kwa maandishi. Ningekuwa naenda tena ningechukua chumba cha hoteli Victoria, mji mkuu wa kisiwa, hata kama ni kidogo, mradi joto limo kwenye bei.

Nyumba naipa nyota mbili. Kisiwa chenyewe kinastahili zote, na kingenipata wakati wa kiangazi nisingekipenda nusu yake.

Marsalforn na Xlendi, vijiji vya pwani vinavyojaa watalii, vilikuwa vimelala: viti juu ya meza, mafundi wanapaka rangi, mikahawa michache imefungua. Ukienda kwa ajili ya ufuo utarudi unanung'unika. Mimi mchana nilikuwa nikishinda Victoria, ambako wenyeji hupaita Rabat, na huko maisha hayangoji mgeni. Mji ni mdogo, unauzunguka kwa miguu kabla kahawa haijakushuka, lakini una majumba mawili ya opera kwenye barabara moja! Aurora ni ya klabu ya bendi ya Leone, Astra ni ya La Stella, na kila upande huandaa opera yake mwezi wa Oktoba. Ukitaka kuelewa, fikiria Simba na Yanga, ila badala ya mpira wanashindana kwa tarumbeta na waimbaji. Nilikaa kwenye baa ya mmoja wao nikiota joto, mzee wa meza ya jirani akanieleza mambo ya upande wa pili kwa dakika nyingi, na hakuna jema hata moja alilolitaja.

Kula nako kulinifurahisha. Kijiji cha Nadur kuna waoka mikate wanaotumia tanuri la kuni, nao hutengeneza ftira ya Gozo: unga unatandazwa, juu vinapangwa viazi vilivyokatwa vyembamba sana, nyanya, zeituni, kapari (vitumba vya maua vyenye uchachu) na samaki wadogo wa chumvi, au jibini ya maziwa ya kondoo iitwayo ġbejna. Kingo za viazi huungua kidogo, na hapo ndipo utamu ulipo. Kwa anayeepuka nguruwe, hii ni salama, ila uliza kwanza, maana nyingine hutiwa soseji.

Ġgantija, kule Xagħra, ni mahekalu yaliyojengwa tangu mwaka 3600 KK hivi, kabla ya mapiramidi ya Misri. Mawe mengine yanapita urefu wa mita tano, na wazee wa kisiwani walisimuliana kwamba aliyeyabeba ni jitu la kike. Nilikuta familia moja tu, nikasimama nilipotaka, nikarudi nyuma nikatazama tena, hakuna wa kunisukuma.

Dwejra, pwani ya miamba, nenda siku ya upepo. Lile dirisha la jiwe lililokuwa kwenye kila kadi ya posta halipo, lilianguka baharini wakati wa dhoruba, tarehe 8 Machi 2017. Wengine husema basi hakuna cha kuona tena. Mimi sikubaliani. Mawimbi ya Januari yanapiga mwamba mpaka povu linaruka juu ya vichwa, na mashua zinazopitisha wageni kwenye pango zimevutwa juu, zimefungwa kamba. Simama mbali, mwamba unateleza.

Mashamba nayo ni kijani tupu, yamefunikwa maua ya njano ya mmea uliotoka Afrika Kusini. Kiangazi yote hayo hukauka.

Mambo madogo: soketi ni za pini tatu zilezile za nyumbani Afrika Mashariki, magari yanapita kushoto, na mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haombi viza nyingine. Mabasi karibu yote yanapitia Victoria, kwa hiyo usipange vijiji vitatu siku moja. Jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, anza mapema.

Kivuko kikubwa cha kutoka Ċirkewwa, kwenye kisiwa kikubwa cha Malta, kwenda Mġarr, bandari ya Gozo, huchukua kama dakika 25 na kinafanya kazi usiku na mchana. Kwenda hulipi, tiketi unakata ukirudi. Boti ya kasi ya kutoka Valletta, mji mkuu wa Malta, ni nzuri bahari ikitulia, lakini upepo ukichafuka ndiyo ya kwanza kusimamishwa. Uwanja wa ndege uko kisiwa kikubwa, kwa hiyo usiku wa mwisho lala huko.