UTV ya kazi za ranchi: ya kwanza nilikosea, ya pili imenifaa

Mita ya UTV yangu ya pili inasoma saa 1,140, na huu ni mwaka wa tatu tangu niinunue. Nataja saa kwa sababu gari hizi hufanyiwa sevisi kwa saa za injini zaidi ya kilomita. Siku ya kuzungukia uzio naendesha kilomita 20 au 25, lakini injini inawaka zaidi ya saa nne. Ukigawanya, huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hesabu hiyo ningeifanya kabla ya kununua ile ya kwanza, nisingeinunua.

Kwa ambaye hajaiona kwa karibu: ni gari dogo la magurudumu manne, lina viti viwili au vitatu vya ubavu kwa ubavu, usukani kama wa gari, bodi ya kubinuka nyuma, na fremu ya mabomba ya chuma juu ya vichwa vya waliokaa. Kwetu inafanya kazi zote ambazo ni nzito kwa pikipiki na ndogo kwa trekta. Inapeleka maji kwenye birika la mbali, mawe ya chumvi, nguzo na roli za seng'enge, inapuliza dawa ya magugu, na inamrudisha zizini ndama aliyezaliwa usiku huku mama yake akitufuata nyuma.

Ile ya kwanza niliichagua kwa nguvu farasi. Ilikuwa na zaidi ya 80, springi ndefu, na mbio ambazo hakuna njia yoyote ndani ya ranchi inayoziruhusu. Niliijaribu bila mzigo, kwenye barabara iliyochongwa, nikashuka nikiwa nimeshaamua. Mwezi wa nne nilikuwa natoka korongoni na tela la nguzo mbichi. Nikasikia harufu ya mpira ukiungua, injini ikapandisha sauti ghafla, gari likasimama. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Fundi alipofungua kifuniko cha pembeni alikuta mkanda umekatika na nyuzi zake zimejisokota kwenye puli. Akaniuliza, "Mzee, ulipandia gia gani?" Nikamwambia ile ya H, ya mwendo wa kawaida. Akasema, "Mkanda huu haukuzeeka. Umechomwa."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa ndilo la kwanza kumwambia yeyote anayetaka kununua. UTV nyingi zinatumia CVT, yaani mkanda unaozunguka kati ya puli mbili ambazo pande zake zinasogeleana na kuachana kadiri mzunguko wa injini unavyobadilika. Injini ikizunguka polepole, puli ya mbele haijaubana mkanda sawasawa. Sasa weka mzigo mzito, mlima, na mwendo wa kutambaa, vyote pamoja: mkanda unateleza, unapata joto, na mpira hauvumilii joto hilo. Gia ya L, yaani ile nzito ya mwendo wa polepole, inafanya puli zizunguke kwa kasi zaidi kwa mwendo uleule wa gari, kwa hiyo mkanda unabanwa vizuri na hewa ya kuupoza inapita kwa wingi. Kwa gari la ranchi L ndiyo gia ya kila siku. Nilikuwa nimenunua gari ambalo L yake iliwekwa kama nyongeza tu, fupi na yenye kelele, kwa kuwa umbo zima la mashine ile lililenga mbio.

Kawasaki walipotoa gari lao la kazi la aina hii mwaka 1988 waliliita Mule, yaani baghala, mtoto wa punda na farasi anayejulikana kwa kubeba mizigo. Nimelifikiria sana jina hilo.

Safari ya pili sikukubali kujaribu gari tupu. Nilibeba tangi langu la maji na mifuko ya mchanga, nikaomba kila muuzaji aniruhusu kupakia, kupanda na kushuka kilima. Mmoja alikataa, nikamshukuru nikaondoka. Waliokubali walinipa nafasi ya kulinganisha mifumo mitatu ya gia, na hapa nitakaa kidogo, maana naamini ndipo uamuzi wote ulipo.

Wa kwanza ni haidrostati, ambayo Kubota wanaitumia kwenye RTV-X1100C pamoja na injini ya dizeli ya silinda tatu. Hakuna mkanda. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, na oili ndiyo inayozungusha mota ya kuendesha magurudumu. Kwa kazi ya kutambaa sijaona kinachoushinda mfumo huu. Unabonyeza pedali kidogo gari linasogea sentimita chache, unaachia linasimama lenyewe hata kwenye mteremko, na kurudisha tela kinyumenyume kunakuwa rahisi mno. Gharama yake ni mwendo, kwa sababu pampu inakula sehemu ya nguvu na magari haya hayakuumbwa kukimbia. Ranchi ingekuwa fupi ningechukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Birika letu la mwisho liko kilomita 14 kutoka zizini.

Wa pili ni gia halisi za meno zenye klachi mbili zinazopokezana zenyewe, kama Honda walivyofanya kwenye Pioneer 1000. Hapa pia hakuna mkanda wa kuungua, na ukiachia ekseleta mteremkoni injini inalishika gari kama pikapu ya gia za mkono. Niliipenda sana. Iliyoniacha ni umbali wa fundi anayeijua, na nitalirudia hilo mbele.

Wa tatu ni CVT, lakini ile iliyotengenezwa kwa kazi: L ndefu na tulivu, mfereji mpana wa kuingizia hewa kwenye nyumba ya mkanda, na breki ya injini inayofanya kazi hadi gari likaribie kusimama. Hili la mwisho lipime mwenyewe. Pakia mzigo, ingia kwenye mteremko ukiwa L, toa mguu kwenye ekseleta. Yako magari ambayo mzunguko ukishuka kiasi fulani puli inauachia mkanda na gari linaanza kuteleza huru, mzigo ukikusukuma mgongoni. Nililokuja kulinunua lilishuka kilima kile na kilo 300 bodini bila mguu wangu kugusa breki. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitalisifu na kulilaumu hapa na mfumo ndio ninaotaka uuangalie. Ni la petroli, silinda tatu, nguvu farasi chini ya 60, na sijawahi kuhitaji zaidi.

Kuhusu petroli na dizeli nina machache. Dizeli inavuta vizuri chini na haili sana, na kama matrekta yako tayari ni ya dizeli unabaki na pipa moja la mafuta. Lakini inanguruma, na mifugo wasioizoea wanainua vichwa. La umeme nimelipanda mara moja, Polaris Ranger XP Kinetic, lililotangazwa Desemba 2021 likiwa na nguvu farasi 110. Nguvu inakuja papo hapo kwa mwendo wa kutambaa, hakuna mkanda, na kimya chake kilinigusa: tulipita katikati ya ng'ombe waliolala na hakuna aliyesimama. Kwa anayerudi kwenye umeme kila jioni ni jambo la kulifikiria kwa uzito.

Sasa uzito, ambao nauona unasahaulika kuliko yote. Kibandiko cha gari langu kinasema bodi inabeba kilo 450 na gari zima kilo 680. Watu wanasoma namba ya kwanza wanaishia hapo. Namba ya pili inahesabu kila kitu: mimi na mwenzangu ni kilo 160, paa, kioo, winchi na sanduku la vifaa ni karibu 90. Imebaki 430, na tangi la lita 300 likijaa ni kilo 300 za maji kabla ya kuhesabu tangi lenyewe, pampu na mipira. Kuna jambo jingine la maji ambalo hakuna kibandiko kinacholisema. Tangi lililofika nusu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu maji yanahama. Ukikata kona kwenye mwinamo yanakimbilia upande wa chini na kuvuta gari zima nayo. Nilinunua tangi lenye kuta za ndani za kuyazuia, na hata hivyo sipiti mwinamo kwa ubavu nikiwa na maji. Napanda na kushuka moja kwa moja. Tela nalo lina hesabu yake: takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake ikae kwenye ndoano, na kama tela halina breki ujue mteremkoni breki za gari pekee ndizo zinazosimamisha vyote viwili.

Usalama siutenganishi na hayo. Fremu ya juu inamlinda mtu aliyefungwa mkanda wa usalama, na anayerushwa nje inaweza kumwangukia. Mwaka 2009 huko Marekani mamlaka ya usalama wa bidhaa ilitangaza marekebisho ya bure ya Yamaha Rhino, yakiwemo kuongeza vipande vya kutanua magurudumu ya nyuma na kuondoa fimbo ya kuzuia kuyumba. Tangu niliposoma habari ile naangalia upana wa msimamo wa gari kabla ya urefu wake kutoka ardhini. Vijana wote wanaoliendesha letu wanafunga mkanda na nyavu za mlangoni hata kama wanakwenda mita 50, na hakuna anayepanda bodini. Kwenye hilo sina mjadala.

Kuna vitu vidogo ambavyo kwenye karatasi havionekani, lakini siku yenye vituo 60 vinakuchosha au vinakupumzisha. Urefu wa ukingo wa bodi: wangu uko usawa wa kiuno changu, na mgongo unashukuru kila ninaponyanyua jiwe la chumvi. Sakafu tambarare isiyo na nundu katikati, ambapo ndama anaweza kulala miguuni pa abiria. Kitufe cha kufungua difu ya nyuma ili magurudumu yazunguke kila moja kwa mwendo wake, gari lisichimbue majani unapogeuka kwenye malisho. Uwezo wa altaneta, kwa kuwa winchi, taa na pampu ya dawa vyote vinanyonya betri moja, na injini ikiwa sailensa, yaani inawaka bila kukanyagwa ekseleta, haitoi umeme wa kutosha.

Matairi yaliyokuja na gari yalikuwa ya plai 4 (kipimo cha ugumu wa tairi), na miiba iliyamaliza ndani ya msimu mmoja. Niliweka ya plai 8. Yanarusha zaidi, lakini pancha zimepungua kutoka kila wiki hadi mara mbili tatu kwa mwaka, na hizo naziziba mwenyewe kwa kamba za mpira na pampu ndogo ya betri.

Vumbi ndilo adui wa kweli. UTV iliyo na eakilina, yaani chujio la hewa ya injini, chini karibu na gurudumu la nyuma, achana nayo. Ya kwangu inavuta hewa kutoka juu, nyuma ya kiti, na nyumba ya mkanda ina chujio lake. Msimu wa kiangazi nayakagua yote mawili kila baada ya saa 25. Kiangazi hichohicho kuna nyasi. Majani makavu yanajikusanya juu ya bamba la chini, kando ya ekzosi, na yanaweza kushika moto gari likiwa limeegeshwa. Kila nikimaliza kupita kwenye nyasi ndefu nashuka, nachungulia, nachomoa kwa mkono wenye glavu. Mtungi wa kuzimia moto umefungwa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ninapoufikia nikiwa nje.

Yasiyonipendeza yapo. Breki ya kuegesha ni dhaifu: likiwa na mzigo kamili kilimani naweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kitasa cha bodi kinajaa mchanga na kukwama, hivyo nakipuliza hewa kila wiki. Kioo cha mbele cha plastiki kimekwaruzika hadi jua la jioni linapofusha, na kama ningeanza upya ningelipia cha kioo halisi tangu siku ya kwanza. Nipeli mbili za grisi zimewekwa mahali ambapo bunduki ya grisi haiingii hadi utoe gurudumu. Hilo la mwisho linaniudhi, maana sehemu isiyofikika ndiyo vijana wanayoiruka.

Lakini fundi anayelijua yuko karibu, na spea zinafika ndani ya siku mbili. Hicho ndicho kilichofunga uamuzi kati yake na lile la klachi mbili. Gari bora zaidi likikaa wiki tatu likisubiri kipuri wakati birika la mbali limekauka, ng'ombe hawalijui ubora wake.

Mkanda nilioanza nao niliubadilisha kwenye saa 600 kwa kufuata ratiba, ukiwa bado mzima. Korongo ni lilelile na nguzo ni zilezile, tofauti ni L. Ule wa zamani naubeba chini ya kiti pamoja na spana ya kufungulia kifuniko, na vijana wote wawili nimewafundisha kuubadilisha porini.