Nta ngumu ya gari katika kipupwe cha Tabora: uzoefu wangu

Nimekuwa nikitumia nta ngumu ya kopo, yenye kanauba (aina ya nta ya mmea), kwenye gari dogo jeusi linalolala nje hapa Tabora. Nimeitumia zaidi katika miezi ya Juni na Julai, wakati joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 15 na watu hutoka asubuhi wamevaa makoti. Kwa jumla nimeridhika nayo, ila matokeo yake hutegemea zaidi saa ya kuipaka kuliko chapa iliyoandikwa kwenye kopo.

Hewa yenyewe si kikwazo. Watengenezaji wengi huonya dhidi ya kupaka nta pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 10 hivi, na baridi ya namna hiyo huku kwetu ni nadra. Kinachosumbua ni bati la gari. Usiku wa kipupwe anga huwa safi bila wingu, na paa pamoja na boneti hupoteza joto kuelekea angani hadi vikawa baridi kuliko hewa inayovizunguka. Ndiyo maana asubuhi nyingine, hasa mwanzoni mwa Juni, unaweza kukuta umande juu ya gari ilhali ardhi yote ni vumbi kavu. Nta haishiki juu ya unyevu, hata ule mwembamba usioonekana kwa macho. Huacha mabaka kama ukungu, na hayo hayatoki kwa kufuta mara moja. Maji ya kuoshea nayo hujificha kwenye vitasa na chini ya vioo vya pembeni, kisha hutiririka polepole juu ya mlango uliokwisha kupakwa.

Kwa hiyo mimi huosha gari saa mbili asubuhi, hulikausha kwa taulo, hulifungua milango yote, na sianzi kupaka nta kabla ya saa tatu na nusu. Kuanzia saa tano jua la Tabora huwa limegeuza boneti nyeusi kuwa kikaango, na hapo nta hukauka papo hapo na kuwa ngumu kufutika. Muda mzuri wa kazi ni huo mfupi ulio katikati.

Maelekezo ya kopo yanasema nta isubiriwe dakika chache kisha ifutwe. Kwenye bati la baridi dakika hizo hazitoshi, kwa kuwa kiyeyushi kilichomo ndani ya nta huchelewa kuruka hewani. Badala ya kutazama saa, mimi hupitisha kidole: kikiacha alama safi isiyopakaa, nafuta, kikiburuta utelezi, nasubiri. Tabaka liwe jembamba sana. Wanaopaka nene wakidhani wanaongeza mng'ao huongeza tu kazi ya kufuta.

Kabla ya nta nilipiga polishi kwa mkono, na hapa inafaa kutenganisha vitu ambavyo mafundi wengi wa kuoshea magari huviuza kama kimoja. Polishi husaga sehemu ndogo sana ya rangi ili kupunguza mikwaruzo midogo. Nta haiondoi mkwaruzo wowote, bali hulinda kile ambacho polishi imekiacha. Katika baridi polishi huwa nzito na husambaa kwa shida, hivyo huhitaji kusuguliwa kwa muda mrefu zaidi, wala si kwa nguvu zaidi.

Suala la kivuli lina ugumu wake. Mji huu una miembe mingi ya zamani, na mtu yeyote angedhani ndiyo mahali pa kazi. Lakini katika msimu huu miembe huchanua, na maua pamoja na utando wa kunata unaoachwa na wadudu huangukia nta ambayo bado haijakauka. Nafuu ni ukuta wa nyumba, upande unaozuia upepo, kwa sababu vumbi likitua kwenye nta mbichi kisha ukalifuta, unaikwaruza upya rangi uliyotoka kuisafisha.

Jirani yangu aliniuliza kwa nini ninunue nta kutoka mbali wakati mkoa wetu unasifika kwa asali na nta ya nyuki. Swali ni la haki. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ilhali kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, huvuka nyuzi 80. Nta ya nyuki ikiwa peke yake ni laini mno kwa boneti inayokaa juani, na hunasa vumbi. Ikichanganywa na kanauba hufaa, na baadhi ya watengenezaji hufanya hivyo ili kulainisha mchanganyiko.

Faida niliyoiona wazi ni kwamba vumbi la barabara ya Sikonge sasa huondoka kwa maji matupu, bila kusugua. Kasoro ni mbili: nta hii huacha weupe kwenye plastiki nyeusi za bampa, kwa hiyo nazifunika kwanza kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya nta ya maji. Kopo likiisha nitanunua jingine la aina hiyohiyo, ila dogo, kwa kuwa kupaka gari zima hutumia kiasi kidogo mno na kopo linalofunguliwa mara kwa mara hukauka kabla halijafika nusu.